Petroli ya Kuwashia Tu

Nyie madereva mliobaki ofisini, mmeniomba niandike jinsi ya kuendesha gari la mifumo miwili, lile la gesi na petroli, kwa sababu mmeletewa mengine mawili na eti mimi ndiye mzoefu. Mzoefu! Siku ya kuniaga mlinipa kanga, saa ya ukutani, na hotuba ndefu ya mtu aliyekosea jina langu mara mbili. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza swali la maana. Sasa nimekaa zangu nyumbani Mlabani, mgongo unauma, ndiyo meseji zinaanza kuingia. "Mama, tuandikie kidogo tu." Kidogo sijui kuandika. Nitaandika ninavyojua, na asiyependa maneno makali aruke ukurasa.

Habari za nilipandishwa daraja lini sitaziandika, ziko kwenye faili na faili limeliwa na mchwa. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilipoanza udereva, mwanamke kushika usukani Ifakara ilikuwa sinema ya bure. Watu walitoka madukani kuja kutazama. Mkuu wa madereva wa wakati huo, mwanaume mwenye tumbo kubwa na kazi ndogo, alinikabidhi ufunguo wa gari lililokuwa juu ya mawe, halina tairi hata moja. "Anza na hilo, dada," akasema. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikaingia, nikakaa. Nilisafisha kabureta kwa mswaki, nikafuta kila waya, nikasoma kila kilichoandikwa chini ya boneti. Kufika jioni nililijua lile gari kuliko wao waliokuwa wakiliendesha miaka yote. Wao walijua honi tu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mmoja wao. Alikuwa Mzee Bakari, fundi mwenye karakana ya mabati hapa hapa Mlabani. Yeye alinifundisha kulisikiliza gari: unaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini unauegemeza sikioni, na unasikia kila kitu, beringi inayolia, valvu inayogonga, pampu inayochoka. Madaktari wana kile chombo chao cha shingoni, sisi tuna bisibisi. Ila Mzee Bakari alikuwa na sharti moja. Ukifika karakanani bila kumwamkia, hakuoni. Unaweza kusimama hapo na gari linavuja mafuta, yeye anaendelea kukaza nati zake. Siku moja alikuja mkubwa wa mashamba ya miwa kutoka Kidatu, suti na miwani, akasema, "Fundi, gari langu lina shida." Mzee hakuinua hata kichwa. Yule bwana akarudia mara tatu, ya nne ndiyo akasema "Shikamoo mzee," na hapo hapo mzee akainuka, "Marahaba mwanangu, lete tulione." Mimi nilikuwa nimekaa pale juu ya tairi, nikafurahi sana. Nikajiambia, hivi ndivyo mtu anavyojiheshimu. Nikalichukua lile somo zima zima.

Na tope la bonde hili halihitaji fundi, linahitaji akili. Nilibeba koleo, jembe, magunia manne, vipande viwili vya bati na kamba nene. Madereva wa kiume walibeba miwani ya jua. Masika wakikwama, nani alikuwa anakwenda kuwavuta? Mimi. Wakitoka kwenye tope, nani alikuwa anasimulia kwamba alijitoa mwenyewe? Wao. Lakini tuyaache hayo, nisije nikaandika majina.

Basi, miaka yangu ya mwisho kazini ndipo likaja gari la gesi.

Lilikuwa gari refu la ofisi yetu la kusambaza dawa kwenye zahanati, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, injini ya petroli. Makao makuu waliliingiza gereji huko Dar es Salaam wakalifunga mfumo wa gesi asilia, kisha wakatuletea likiwa na maandishi ya kijani ubavuni. Nyuma, mahali ambapo tangu enzi na enzi tulipakia maboksi ya dawa na mara nyingine mgonjwa, kulikuwa na mitungi miwili ya chuma mikubwa imefungwa kwa mikanda. Yaani gari la kusambaza dawa lisilo na mahali pa kuweka dawa. Nikauliza dawa zitakaa wapi. Nikajibiwa kwamba zitakaa kwenye viti. Na watu watakaa wapi? Huyo aliyenijibu akaangalia simu yake.

Jambo la pili: Ifakara gesi hiyo haiuzwi. Tulikuwa tunaijaza upande wa Morogoro tukienda kuchukua dawa, na tukirudi, mpaka tunashuka Kidatu, mitungi imeshaanza kupungua. Inayobaki ndiyo ya kuzungukia bonde. Mwanamke mmoja wa Katindiuka alipoona ile mitungi alinifuata na sufuria ya maharage akiomba nimchemshie mara moja. Nilimweleza kwamba hii siyo ya kupikia, hii inakaa kwa mgandamizo mkubwa sana na ni gesi nyingine kabisa. Akanitazama kwa huruma. "Sema tu hutaki, mama." Na wanaume wakawa wanauliza kama linatembea kwa upepo.

Madereva wenzangu walilikataa. Wakasema ni bomu. Wakakaa kikao, wakatoka na uamuzi kwamba apewe mama kwa sababu ana utulivu. Utulivu! Walikuwa wanaogopa, basi. Nikachukua ufunguo mbele yao, nikaondoka, na yule mwenye domo kubwa kuliko wote akaruka mtaro kunipisha.

Aliyetuletea lile gari aliitwa Mratibu. Jina lake alilipenda kidogo kuliko cheo chake, kwa hiyo tumwite hivyo hivyo. Kijana wa viatu vyenye ncha, na Ifakara wakati wa mvua unajua viatu vyenye ncha vinaishia wapi. Alipenda karatasi, na karatasi ikishapigwa mhuri kwake ilikuwa imekamilika, hata kama imeandikwa jua lichomoze saa sita. Alitutangazia kwamba atakuja mtaalamu kutufundisha siku mbili.

Mtaalamu alikuwa binti. Jina lake Jesca, ametokea kwenye gereji iliyofunga ule mfumo, ana ovaroli ya bluu na kucha zenye grisi. Nilipofika asubuhi ile alikuwa ameinama chini ya boneti, injini inanguruma. Nikasimama pembeni. Akageuka, akanipa mkono wa grisi, akasema, "Karibu mama, sogea uone."

Karibu mama, sogea uone! Mimi, niliyeendesha gari tangu yeye hajazaliwa, kwenye uwanja wa ofisi yangu, naambiwa karibu. Shikamoo haipo. Nikakumbuka Mzee Bakari na nati zake. Nikaenda kukaa kwenye benchi, nikakunja mikono, na hapo nilikaa siku mbili.

Alifundisha. Siwezi kusema hakufundisha. Alikuwa anaongea kwa sauti, anafungua, anafunga, anaonyesha. Mara mbili tatu alinigeukia, "Mama, una swali?" Nikasema sina. Mara moja alinifuata mpaka benchini, "Mama, njoo ujaribu wewe mwenyewe, wewe ndiye utakayekuwa nalo porini." Nikamwambia, "Mwanangu, magari nayajua." Daftari langu la siku zile ninalo hapa mezani. Lina tarehe, lina kichwa cha mafunzo nimekipigia mstari vizuri kwa rula, na chini yake ni ukurasa mweupe. Kabla hajaondoka aliandika namba yake ya simu nyuma ya kitabu cha gari. "Mkikwama popote, saa yoyote, nipigieni." Nikakitupia kitabu kwenye droo ya dashibodi.

Kesho yake Mratibu akanikuta uwanjani. Alikuwa anaandika waraka wake. "Dereva, ule mfumo unahitaji petroli kiasi gani ibaki kwenye tangi?" Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tumpigie yule binti. Lakini mimi ndiye mzoefu, si ndiyo? Nikamjibu bila hata kuvuta pumzi, "Kidogo tu, bosi. Ya kuwashia tu."

Akafurahi sana. Alikuwa anataka jibu hilo hilo. Akaliandika kwa herufi kubwa, PETROLI YA KUWASHIA TU, akapiga mhuri, akaja mwenyewe kuibandika ile karatasi kwenye dashibodi, juu ya swichi ya kubadilishia kutoka gesi kwenda petroli, ili dereva yeyote asije akashawishika kuibonyeza. Swichi imefunikwa kwa mhuri wa ofisi! Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nilisema huyu mtu ni mjinga wa cheti. Wala sikujiuliza neno aliloliandika pale ni la nani.

Sasa, kuhusu kuliendesha. Asubuhi unaliwasha, linawaka kwa petroli. Injini ikipata moto kidogo unasikia tk! ya valvu, taa za kijani zinawaka, limeshahamia kwenye gesi lenyewe, wewe hujagusa kitu. Kwenye lami linakwenda laini, halina hata harufu. Likibeba mzigo au likikutana na mlima linalegea kidogo, na kwenye tope linalegea zaidi, kwa hiyo hapo unatakiwa urudi kwenye petroli mapema, kabla hujazama. Plagi zikague mara kwa mara. Ukisikia harufu ya gesi, simama, fungua milango, funga koki za mitungi, na anayevuta sigara karibu mfukuze hata kama ni diwani.

Baada ya miezi kadhaa likaanza kusumbua asubuhi. Unazungusha ufunguo, linakohoa, linakataa, mara ya tatu ndiyo linakubali. Nikachukua bisibisi yangu, nikasikiliza mpaka chini ya tangi. Kulikuwa na mlio mwembamba, kama mbu ndani ya chandarua. Nilijua ule mlio. Pampu ya mafuta ikichoka hulia vile. Lakini nikasema, gari hili linatembea kwa gesi, pampu ya petroli itachokaje na haina kazi? Ni mambo ya gesi tu hayo. Nikairudisha bisibisi kwenye boksi, nikaenda kunywa chai.

Ilikuwa masika. Nilitoka mapema, nikavuka daraja la mto, nikashusha dawa kwenye zahanati moja ng'ambo, mbali na lami, huko wanakoishi wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa. Mimi na wale watu hatukuwa marafiki. Ng'ombe wao wakijaa barabarani nilikuwa nawapigia honi mpaka mkono unauma, na maneno niliyokuwa nayatoa dirishani siyaandiki. Nilikuwa nasaini karatasi za kukabidhi dawa wakati nesi wa pale, Anjela, aliponishika mkono.

"Mama, ninaye mzazi. Amejifungua alfajiri, mtoto salama, lakini damu haikatiki. Nimempa nilichonacho. Gari la wagonjwa nimelipigia, liko upande wa pili wa wilaya. Nipeleke mjini, nakuomba."

Mzazi aliitwa Mwalu. Msukuma, binti mrefu, uzazi wake wa kwanza, uso umeshaanza kupauka. Mume wake Shija alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Nyuma ya gari ni mitungi, kwa hiyo tulimlaza kwenye kiti cha kati, miguu juu ya boksi, Anjela amepiga magoti sakafuni ameshikilia dripu, na mtoto kafungwa kitenge kifuani kwa Anjela huyo huyo. Shija alikaa mbele na mimi. Saa tano kasoro tukaondoka.

Kilomita chache tu mbele, kwenye mbuga ya udongo mweusi unaonata, gari likaanza kulegea. Gesi ilikuwepo, lakini halina nguvu, magurudumu yanazunguka, tunazama. Nikaibandua karatasi ya Mratibu na mhuri wake, nikabonyeza swichi kwenda petroli. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Nikawasha. Kimya. Nikarudia. Ule mlio wa mbu nao haukuwepo tena.

Shija alishuka bila kuambiwa. Akakimbia. Nikajisemea, haya, kamtoroka mkewe. Baada ya muda akarudi na ndugu zake wawili, na maksai wanne wenye nira. Wakafunga kamba yangu kwenye gari, wakasema na wale ng'ombe kwa Kisukuma kwa sauti ya chini kabisa, hakuna aliyepiga kelele wala kuchapa, na lile gari zima la kisasa na mitungi yake likatoka kwenye tope kama jino bovu. Walilivuta mpaka kwenye ardhi ngumu. Mbele yetu njia ilikuwa kavu mpaka kwenye lami. Mitungi ilikuwa na gesi. Kilichobaki ni kuwasha tu.

Halikuwaka. Nilizungusha ufunguo, nilifungua boneti, nilitikisa waya, nikapiga tangi kwa ngumi. Mtandao ulikuwepo. Nikampigia Mratibu, akaniambia niandike maelezo nitakaporudi. Nikampigia Mzee Bakari, ambaye siku hizi haoni vizuri na kazi ameiacha. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, mimi gesi ninayoijua ni ya kuchemshia chai. Huko hakuna aliyelifunga hilo gari umuulize?"

Nikasema mtandao unakatika, nikakata simu.

Kitabu cha gari kilikuwa ndani ya droo, mbele ya goti langu. Nilikijua kilipo. Nilijua na nyuma yake kumeandikwa nini. Nikawaza nitamwambia nini yule binti. Kwamba mimi, niliyekaa benchini siku mbili nimekunja mikono, sasa nimekwama? Nilimwona kabisa anavyonicheka na wenzake huko gerejini. Ndivyo nilivyowaza, na nyuma yangu mtu anatoka damu.

Anjela akanyanyua kichwa. Jasho linamtiririka. "Mama, hakuna mtu yeyote anayelijua hili gari? Umpigie tu?"

"Hakuna," nikasema.

Ikafika saa saba. Shija akasema maneno yake ya kwanza kwangu tangu asubuhi. "Mama, tuache gari. Nina mkokoteni." Wakatandika majani na shuka, wakampandisha mke wake, Anjela pembeni na dripu, na wale maksai wakaanza kwenda. Nilitembea nyuma. Ng'ombe hawana haraka, na ukiwaharakisha mkokoteni unamrusha mgonjwa. Tulifika lami karibu saa kumi. Lori la mpunga likasimama, likatupeleka hospitali.

Mwalu hakufa. Walimpasua jioni ile ile na wakamtoa kizazi. Daktari alitoka amechoka, akaniona na tope mpaka magotini, akadhani mimi ndiye mama yake mgonjwa. "Shukuru Mungu, mama, tumempata. Angefika mchana tungejaribu njia nyingine. Sasa ana mtoto mmoja, na ndiye huyo huyo." Shija alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliinama, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Wabeja, mama." Asante. Mimi nikaitikia.

Ofisini lilikuwa zogo. Kikaitishwa kikao, makao makuu wakaja, na ile karatasi yenye mhuri ikawekwa mezani katikati. Nani ameandika hii? Mratibu akasema ni yeye. Nani amekuambia petroli iwe ya kuwashia tu? Mratibu akanitazama. Mimi nikatazama dirishani. Na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa karatasi na hakuwa na karatasi yenye jibu langu, akanyamaza. Akahamishwa. Madereva wakanipongeza kwa kummaliza bosi. Tuliondoka kwenda kunywa soda, na nilisimulia habari ya mhuri juu ya swichi kwa namna ya kuchekesha sana. Wengine wenu mlikuwepo, mlicheka.

Wiki ileile Jesca alitumwa kulitengeneza gari, ambalo lilikuwa limeshavutwa mpaka uwanjani. Alifika, akaniona, akasema, "Shikamoo mama, pole sana." Alipiga na goti kidogo. Nikawaza, hata siku ile ya kwanza huenda aliniamkia, akiwa chini ya boneti, injini ikinguruma. Sikumuuliza, na leo sijui.

Akaingia kwenye kiti changu. "Petroli inakataa, eeh?" Akaibonyeza ile swichi kwa kidole, akaishikilia bila kuiachia, akazungusha ufunguo kwa mkono wa pili. Injini ikawaka palepale. Kwa gesi. Hakukuwa na pampu, hakukuwa na petroli, lilikuwa linanguruma tu mbele yangu, taa za kijani zote zinawaka.

"Ukiishikilia hivi linawaka kwa gesi moja kwa moja," akasema. "Hii ndiyo ya dharura. Nilionyesha siku ya pili, mama, mara mbili." Hakusema kwa kunikomoa. Alikuwa ananikumbusha tu. Kisha akafungua tangi, akatoa pampu iliyoungua, akaipangusa. "Hii hupoozwa na petroli yenyewe. Inazunguka hata ukitembea na gesi. Tangi likikaa tupu inajipika. Ndiyo maana nilisema isishuke chini ya robo." Nikaenda nyuma ya jengo. Sikuwahi kuona aibu ya namna ile, na nimeona nyingi.

Basi andikeni, nyie mnaojua kuandika. Robo tangi, siku zote, hata kama gesi imejaa. Likikataa kuwaka, bonyeza swichi, ishikilie, washa, usiiachie mpaka lingurume na kutulia. Kwenye tope rudi petroli mapema. Namba ya fundi ibandikeni kando ya pale alipobandika Mratibu mhuri wake, swichi msiifunike. Hayo manne ndiyo mliyokuwa mnayataka, na yangetosha kwenye meseji moja. Ila nimeshawajua. Ningewatumia meseji mngejibu kwa kidole gumba na kuendelea na soga zenu. Na kuna mmoja wenu, anajijua, aliyemwambia yule fundi mpya wiki iliyopita kwamba yeye magari anayajua. Nimeambiwa. Mji huu ni mdogo.

Baada ya kustaafu nilikaa mwezi mzima nikiwaza, kisha nikapanda pikipiki nikavuka mto kwenda kwa Mwalu. Nilimkuta uwanjani anapepeta mchele, mtoto wake wa kike anatambaa kwenye mkeka. Alifurahi kuniona. Akaniita mama, akanitolea kigoda, akaenda ndani akaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, kisha akaushika tena ungo wake. Shija alikuwa na ng'ombe malishoni. Kwao mimi nilikuwa yule mama aliyetembea kwa miguu nyuma ya mkokoteni mpaka lami, na walishawasimulia wageni wengi habari hiyo.

Nikamwambia. Nilianza na benchi, nikamwambia ya swichi, nikamwambia ya robo tangi na nani aliyemdanganya Mratibu. Nilipofika kwenye namba ya simu nikasema tu kwamba kulikuwa na mtu ambaye ningeweza kumpigia.

Mwalu aliweka ungo chini. Akawa anatoa chuya kwenye kiganja moja moja.

"Nesi alikuuliza," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala pale nyuma, nilikuwa nasikia yote. Alikuuliza kama yupo mtu. Ulisema hakuna."

"Nilisema hakuna."

"Kumbe alikuwepo."

"Alikuwepo, mwanangu."

Akamtazama mtoto wake, ambaye alikuwa amekwama kwenye ukingo wa mkeka. Akainuka, akamnyanyua, akampakata. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akanisogezea kibuyu kwa mkono uliobaki.

"Kunywa maziwa, mama," akasema. "Safari yako ni ndefu."